Figo, Viti na Sauti ya Tatu

Hewala halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Wanakwaya wenzake ndio waliombandika, kwa sababu kila alipoombwa kitu alijibu hivyo kabla mwombaji hajameza mate. Nyaya za vipaza sauti zikunjwe? Hewala. Dada yake mkubwa anataka wanawe wafundishwe hesabu? Hewala, dada, nakuja. Alikuwa mwanafunzi wa upimaji ardhi, mke wake mwanafunzi wa uuguzi, na binti yao hakuwa ameota jino hata moja, ila sauti alikuwa nayo ya kuamsha mtaa.

Vuli ile iliwakuta hoi. Majani ya njano yalidondoka na kuganda kwenye kioo cha dirisha, manyunyu hayakukatika, na nguo za mtoto zilikataa kukauka. Wakawa wanazitundika kwenye miguu mitatu ya kipimio cha ardhi cha Hewala, kikasimama katikati ya chumba kama mgeni aliyevishwa nepi. Walikula wamesimama. Walipokezana mtoto kwenye ngazi za chuo, mmoja akitoka darasani mwingine akiingia, na maongezi yao ya siku nzima yakawa hayo tu: "Amenyonya?" "Bado." "Haya, kimbia."

Lakini lililowanyima raha hasa lilikuwa moja. Mke alikuwa ameanguka mtihani wa mdomo, aliokwenda kuufanya kidonda cha uzazi hakijapona vizuri. Sasa alipewa nafasi ya mwisho, Jumamosi. Akianguka tena, uuguzi kwaheri. Wanafunzi wangeitwa mmoja mmoja, hakuna anayejua zamu yake, na mtoto bado anategemea titi. Kwa hiyo mke alimwomba mumewe akae naye koridoni mpaka mambo yaishe.

"Hewala," akajibu.

Jumamosi hiyohiyo kanisa lao lilikuwa linapokea kwaya za wageni, na mzee wa kanisa alikwisha kumshika mkono mlangoni. "Kijana wangu, viti na vyombo vyote nakuachia wewe. Nyie bado damu inachemka." Huko nako alikuwa amesema hewala. Alijidanganya kwamba atapanga viti alfajiri, akimbilie chuoni, achomoke, arudi, achomoke tena. Naye hakumwambia mkewe kitu.

Walikuwa na njia yao ya kusoma. Kwa kuwa mikono ya mke ilikuwa majini muda mwingi, Hewala alimsomea masomo yake kwa sauti na kujirekodi kwenye simu, naye akayasikiliza akifua. Alhamisi mchana Hewala alimkuta kwenye chumba cha kufulia, mtoto mgongoni, simu ikiongea juu ya ndoo.

"Damu huingia kwenye figo kupitia ateri ya figo," ilisema sauti ya Hewala, nzito kama ya mlevi, "kisha hugawanyika katika... katika viti vya kijani. Vilivyovunjika mgongo vikae nyuma. Sauti ya tatu wasikae karibu na mlango, watatoroka kabla ya mahubiri..." Kisha mkoromo.

Mke aliacha kufua, povu likimchuruzika mpaka viwikoni. Akacheka hadi akajishikiza kwenye sinki. "Haya, mwalimu! Nikiulizwa figo iko wapi nijibu iko nyuma ya besi?"

Hewala naye akacheka. "Nilipitiwa na usingizi, mke wangu."

"Sasa hivyo viti ulivyokuwa unaviota ni vya lini?"

"Vya... Jumamosi."

"Jumamosi ipi?"

Mke aligeuza ndoo moja tupu, akaikalia. Afadhali angepiga kelele.

"Nimechoka, baba," alisema. "Hata nguvu ya kugombana sina. Nenda kapange viti vyako. Mimi mtihani naachana nao. Nitabaki na mtoto, angalau mmoja wetu apate kulala."

Alisema kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sabuni. Hewala akajua hatanii. Akamchukua mtoto, akamfunika kwa koti lake, akatoka naye katika manyunyu hayo mpaka kanisani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba! Umekuja wakati wake. Shika meza huku."

Hakuishika. "Mzee, Jumamosi sitakuwepo. Mke wangu ana mtihani, nabaki na mtoto."

"Kwani mtihani ni wako wewe? Mtoto mpeleke kwa shangazi yake. Kazi ya Mungu haina likizo, kijana wangu."

"Atanyonya kwa shangazi yake?" Hewala alisikia masikio yakimwaka moto. "Kila Jumapili tunapiga magoti hapa kuwaombea wagonjwa. Leo anayesomea kuwauguza tumzuie kwa ajili ya viti? Viti, mzee! Mnaona migongo yetu tu, macho yetu hamyaangalii. Wanakwaya wana mikono. Kila mtu abebe atakachokalia!"

Mtoto akaanza kulia. Mzee alimtazama Hewala kama anayeona nguzo ikitembea.

"Kumbe una mdomo."

"Ninao, mzee. Ulikuwa umechoka tu."

Mzee hakucheka. Aliivuta meza peke yake, miguu ya meza ikikwaruza sakafu ukumbi mzima, wala hakugeuka tena.

Jumamosi walikaa kwenye benchi la koridoni, harufu ya dawa ya kusafishia ikiwawasha pua. Majina yaliitwa, la mke halikuitwa. Mtoto akanyonya, akalala, akaamka, akanyonya tena. Jina lilipotoka hatimaye, mke alimtupia Hewala kitambaa cha mtoto, akaingia akifunga vifungo vya blauzi.

Alipotoka, uso wake haukusema lolote.

"Vipi?"

"Nimepita."

"Umepita!"

"Punguza sauti, wenzangu bado wamo. Nimepita kwa shida, wamesema niongeze bidii kwenye somo la moyo." Akaketi, akavua viatu. "Subiri kidogo, twende."

Hawakwenda. Kichwa kilimwangukia mumewe begani kabla kiatu cha pili hakijatulia sakafuni. Hewala akabaki hivyo, mtoto mkono huu, mama wa mtoto upande ule, akiogopa hata kukohoa.

Koridoni watu waliisha. Mfagizi akaja na ufagio wake na funguo kiunoni.

"Nyie, nafunga."

"Tuvumilie kidogo tu, kaka."

"Maskini, amefeli?"

"Amepita."

Mfagizi alimwangalia mwanamke yule aliyelala mdomo wazi, soksi zimelowa. Akafagia taratibu kuizunguka miguu yao, kisha akaanza upya kutoka mwisho wa koridoni.