Degedege Juu ya Lori la Mpunga

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mke wangu alipofariki, mtoto wetu alikuwa na mwaka na kidogo, na mimi sikujua hata kufunga mbeleko. Nilimbeba kifuani kwa kanga ya marehemu, fundo begani. Pale kijijini kwetu Mchombe kila aliyenikuta njiani alinisimamisha. Watu nisiowajua walimvua mtoto kofia, wengine wakamrudishia. Mmoja alisema uji wangu ni mzito. Mwingine, ambaye hata hakuwa ameuona, akasema ni mwepesi. Niliwajibu wote ndiyo. Msiba ulikuwa umenimaliza, sikuwa na nguvu ya kubishana.

Siku mtoto alipoamka na homa kali, nilipanda lori la mpunga kumpeleka hospitali Ifakara. Abiria tulikaa juu ya magunia.

"Baba, jua linampiga huyo mtoto," alisema bibi mmoja aliyekaa mbele yangu. Sikumfahamu. Nikamfunika mtoto.

"Usimfunike, atachemka," akasema mwanamume mmoja nyuma yangu, mwenye kuku wawili. "Mtoto akilelewa na mwanaume ni kama mpunga uliopandwa na mvuvi."

Watu wakacheka. Nami nilicheka kidogo, ili waniache.

Hatukwenda mbali, mtoto akakakamaa. Macho yaligeuka juu, meno yakajibana, mikono ikaanza kutikisika. Kicheko kikakatika.

"Degedege," bibi alisema kwa sauti ya chini. "Baba, shuka. Kijiji kinachofuata kuna mama anafukiza watoto kwa mavi ya tembo. Anawaponya. Hospitali watamchoma sindano, na mwenye degedege akichomwa haamki."

"Ni kweli," alisema mwenye kuku, na safari hii hakutania. "Mtoto wa dada yangu walimchoma. Tulirudi naye amefunikwa."

Hata mimi nilikuwa nimeyaona. Mtoto wa jirani yangu alichomwa sindano akafa siku ileile. Kwa hiyo sikuwaona wajinga. Niliwaamini.

Mwenye kuku akagonga bati la kabini na lori likasimama. Dereva akatoa kichwa nje.

"Nani anashuka?"

Wote wakaniangalia mimi.

Ningependa kuandika kwamba niliamua. Sikuamua. Mkono mmoja ulimshika mtoto, mwingine ulishika kamba ya magunia, na huo wa pili haukutaka kuachia. Niliogopa kwamba nikishuka nitabaki peke yangu barabarani, na mtoto atanifia pale pasipo mtu.

"Twende," nikasema.

"Baba, utamuua."

"Twende."

Hakuna aliyesema nami tena hadi Ifakara. Mtoto alitulia, akatikisika tena, akatulia. Niliweka shavu langu karibu na pua yake nisikie kama anapumua. Kila lori liliporuka shimo, pumzi yake ilinipotea, nikaanza kuitafuta upya.

Hospitali muuguzi alimpokea, akamlaza. Alipotoa sindano nikamshika mkono.

"Dada, wanasema mwenye degedege akichomwa..."

"Najua wanavyosema. Wewe unasemaje?"

Nikauachia mkono wake, nikatoka nje.

Barazani nilimkuta yule bibi wa kwenye lori, amekaa chini, mzigo wake pembeni.

"Shikamoo," nilisema, maana tangu asubuhi sikuwa nimemwamkia.

"Marahaba. Nimebaki nikusaidie kumbeba. Mwanaume peke yake hawezi kumwosha mtoto na kumfunga sanda."

Alisema bila ukali, kama mtu anayejitolea kukutwisha ndoo. Nilimshukuru. Nikakaa kando yake, sote tukingoja jambo moja, na hatukutazamana.

Jua lilipokuwa linazama nikasikia kilio ndani. Wodi ilikuwa imejaa watoto, lakini kile nilikijua. Nilisimama. Bibi akanishika kiwiko tukaingia pamoja. Mtoto alikuwa amefumbua macho, mkono umefungwa bandeji, analia kwa hasira hadi shingo imevimba. Nikanyoosha mikono nimbembeleze.

"Mwache," bibi alisema. "Mwache alie kwanza."

Ushauri huo niliufuata. Tulisimama, yeye upande ule wa kitanda na mimi upande huu, tukamsikiliza.