Picha Sita za Tate

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kule Mtae, mwanangu, ukungu umepanda kutoka bondeni mpaka milangoni, nami nimesimama uani na kamera shingoni nikijiona mtu mkubwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Umeniuliza zaidi ya mara moja kwa nini kila ninapotaka kupiga picha naigusa kwanza lenzi kwa kidole, nami nimekuwa nikikujibu kwamba ni mazoea ya uzee. Nilikudanganya. Kaa nikueleze, kwa sababu na wewe sasa umeanza kukusanya kamera hizi za zamani za Kijapani, na ile uliyoipata kwenye mitumba Tanga inafanana sana na ile ya kwangu ya kwanza.

Nilipewa na mjomba wangu Saguti, dereva wa watafiti kule Amani. Mgeni mmoja alipomaliza kazi zake alimwachia, naye mjomba, ambaye hakuwa na subira na vitu vya kuzungusha-zungusha, akaniletea mimi. Ilikuwa ya chuma, nzito kuliko ilivyoonekana, na lenzi yake inafungwa kwa kuzungushwa kama skrubu mpaka ikaze. Unajua zilivyo. Huangalii kupitia lenzi, unaangalia kwenye kidirisha cha juu. Unamwona mtu amekuwa wawili, mmoja hafifu kama kivuli, unazungusha lenzi taratibu mpaka wale wawili wanakuwa mmoja, ndipo unabonyeza. Hiyo ndiyo raha yake. Lakini kidirisha hicho hicho kinaweza kukuonyesha kila kitu wakati lenzi yenyewe imefunikwa, na kamera haitakuambia lolote.

Upande wetu hakukuwa na mwingine mwenye kamera, na mimi msichana! Nilijivuna, sikufichi. Mtu akinishauri nilimcheka.

Tate, ndivyo tunavyomwita baba kwa Kishambaa, alikuwa akiumwa kifua kwa karibu mwaka mzima. Alikuwa mkulima wa viazi na kabichi, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache, na hakuwahi kupigwa picha maishani mwake. Asubuhi ile akamwambia mama amvalishe kanzu na koti lake la Idi. Alitaka picha, alisema, kabla hajakonda zaidi ya pale.

Kaka yangu Athumani alimshika mkono akamtoa nje, akamkalisha kwenye kigoda. Nilikuwa nimeshapiga picha nane za ndugu na majirani, kisha manyunyu yakaanza, nikaifunika lenzi isilowe. Yalipoacha, Tate alikuwa ameshakaa, watu wamemzunguka, nami nikaanza kutoa amri. Inua kidevu, Tate. Shusha mkono. Geuka kidogo huku.

"Nisipumue?" akaniuliza.

"Tulia tu, Tate."

Lakini alikuwa amesikia mahali kwamba mtu akipumua picha inaharibika. Basi kila nilipoinua kamera alivuta hewa akaishikilia, mtu ambaye hata hewa ya kawaida ilimpita kwa taabu, na kila nilipobonyeza aliiachia kwa kikohozi kilichomkunja mgongo. Alifanya hivyo mara sita. Mara ya sita alitabasamu, na mama akasema hajamwona akitabasamu vile tangu augue.

Wakamrudisha ndani. Nikateremsha kamera ili niifunike, vidole vyangu vikakuta kifuniko kipo mahali pake. Hakikuwa kimetoka.

Mwanangu, filamu ilikuwa bado na nafasi ya kutosha. Mlango ulikuwa wazi, namsikia Tate akimwomba mama amsaidie kuvua koti. Nilichotakiwa kufanya ni kuingia na kusema: Tate, nimekosea, naomba turudie. Asingekasirika. Namjua, angecheka akarudi kwenye kigoda. Lakini pale uani alikuwapo Athumani, walikuwapo na majirani niliokuwa nikiwaringia muda mfupi uliopita, nikaona haya. Nikajiambia wiki ijayo, jua likitoka, nitasingizia kwamba nataka nyingine nzuri zaidi. Nikakivua kile kifuniko kimyakimya, nikampiga mama picha mbili akiwa na kuku wake, nikacheka pamoja na wenzangu.

Siku ya tano Tate alifariki.

Filamu tuliituma Lushoto kwa fundi Zakaria, Mlutheri mmoja mpole, mwenyeji wa Bungu, aliyekuwa na studio karibu na soko. Ndiye aliyekuwa akipanda vijiji vya huku juu kupiga picha za shule na za harusi, na watu walimpenda. Siku ya kuifuata, mimi nilitaka kusema ukweli kabla ya safari. Nilitaka kuusema ndani ya basi. Nilitaka kuusema hata mlangoni kwake, na Athumani yuko mbele yangu, macho yake mekundu kwa kilio cha siku nyingi, akirudia kwamba atamtengenezea mama picha kubwa ya fremu.

Fundi alikuwa ameshaisafisha filamu. Tulipomwamkia aliitikia, akaiinua dirishani ili tuione. Picha nane zilikuwapo. Kisha nafasi sita tupu, nyeupe, unaona mpaka milima ya ng'ambo. Kisha mama na kuku wake.

"Hizi sita hazikupata mwanga," alisema.

"Ndiyo nini?" Athumani akauliza. "Baba yuko wapi?"

 Fundi alipitisha ukucha kwenye ukingo wa filamu, pale penye vinamba vidogo ambavyo kiwanda huviweka, na vinamba vilikuwa vimetoka safi kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata kwenye zile nafasi nyeupe. Kaka hakuelewa. Mimi nilielewa: dawa ya kusafishia filamu ingekuwa mbaya, vinamba navyo visingetoka. Fundi akaniangalia usoni na kunyamaza, kama mtu anayekuachia nafasi ya kupita.

Nami nikasema, "Dawa yake ndiyo imeharibu, kaka. Haikufika hapo katikati."

Fundi aliishusha filamu polepole. "Aliyekuwa kwenye picha ni nani?"

"Baba yetu," alisema Athumani. "Tumemzika Ijumaa. Na wewe umemzika mara ya pili."

Fundi akatazama nguo zangu za msiba, akanitazama na mimi. "Poleni sana," akasema. "Basi nisameheni, wanangu."

Alisema hivyo tu. Njia nzima ya kurudi Athumani alilia kwa hasira, na tulipofika alimweleza kila aliyekuja kutoa pole. Unajua habari zinavyotembea huku kwetu. Siku za soko watu walishuka nazo, wakapanda nazo. Walimu wakuu wa shule za huku juu wakatafuta mpiga picha mwingine. Maharusi wakamkwepa. Haukupita muda mrefu nikasikia studio imefungwa, Zakaria amerudi kwao Bungu kulima.

Mimi nikawa mwalimu, nikaolewa, nikazaa. Nikaanza kuzitafuta kamera hizi, moja Korogwe, moja kwa mjane wa daktari pale Lushoto, nyingine ikaletwa na mwanafunzi wangu, mpaka zikafika saba unazoziona kabatini. Nilijifunza mwenyewe kusafisha filamu kule stoo, kwa sababu sikuweza tena kumkabidhi fundi yeyote filamu yangu na kumtazama machoni. Watu husema Mwalimu Zahara anapenda sana kamera. Nazipenda, ndiyo. Lakini kuna siku nazifuta vumbi huku moyo unaniuma, na hakuna anayejua.

Kilichonitesa zaidi ni mama. Kila Idi, akilitoa lile koti sandukuni kulianika, alikuwa akisema, "Mungu anamwona yule fundi." Mimi niko hapo hapo namenya viazi. Miaka nenda miaka rudi, mwanangu, niliisikia sentensi ile na sikufumbua mdomo. Mwishoni, alipokuwa hajiwezi, alinishika mkono akaniambia kwamba sura ya Tate imeanza kumpotea, kwamba anakumbuka sauti yake lakini uso hauji. Nilimwambia apumzike. Alikufa akimlaani mtu asiye na kosa, na aliyemfundisha kulaani ni mimi.

Tulipomaliza kumzika mama nilipanda basi kwenda Bungu. Nilimkuta Zakaria amekaa kibarazani akichambua maharage kwa kupapasa, macho yamekwisha nguvu. Nikamwamkia shikamoo, nikamtajia Mtae, nikamtajia filamu. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, yote yakapotea. Nilisema tu, "Ni mimi niliyesahau kifuniko, baba."

"Nilijua siku ile ile," alijibu.

"Kwa nini hukusema?"

Alitupa punje mbovu. "Ulikuwa umefiwa. Nikaona kaka yako amechemka, nikimwambia pale atakupiga mbele yangu. Nikasema huyu binti akipoa atasema mwenyewe. Nikakungoja. Mwaka ule nilikungoja, na uliofuata nikakungoja."

Nililia mpaka mkwewe akatoka jikoni kuuliza kulikoni. Mzee akaniambia amenisamehe zamani, nisijitese. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo nikilala naamka nalo. "Dada yangu aliolewa kwenu Mtae, ulijua? Alipofariki nilifunga safari. Nikafika Lushoto nikashindwa kuendelea, nikarudi. Niliogopa kuangaliwa na watu msibani kwa dada yangu."

Sikuwa najua. Sikuwahi hata kujiuliza kama mtu yule ana dada.

Nilirudi nikamweleza Athumani, na baada yake nikawaeleza wazee wetu na majirani waliobaki, mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba. Athumani hakunitukana. Alisimama akaenda shambani, na kwa miezi mingi alipita mlangoni kwangu bila kunisalimu. Kisha siku moja akaniambia nivae viatu twende Bungu. Alipiga magoti mbele ya yule mzee, mtu mzima mwenye wajukuu, akamwomba aje Mtae awe mgeni wetu, watu wamwone tumeketi naye. Zakaria alimshukuru, akamwinua. Lakini alisema barabara ni ndefu na magoti yake hayawezi tena. Alikuwa anasema kweli. Hakufika Mtae mpaka mauti yalipomchukua, na kaburi la dada yake hakuliona.

Ndiyo hivyo, mwanangu. Hizi kamera nitakuachia, na utazitunza. Lenzi usiziweke penye unyevu, kuvu wa milima hii wanakula kioo. Usiiache kamera imetazama jua bila kifuniko, pazia lake la ndani ni la kitambaa, litaungua tundu. Haya yote utayazoea. Lakini nililotaka ulishike ni hili: utakosea. Siku ukikosea, sema pale pale, wakati mtu wako bado yuko chumba cha pili anavua koti. Aibu ya kusema "ni mimi" ingekwisha kwangu kabla ya chakula cha mchana. Niliikwepa, ikabebwa na mtu mwingine maisha yake yote. Na ukishamtupia mtu kosa lako, huwezi kujua litafika nyumba zipi. Usimwonee fundi, usimwonee aliye chini yako, usimwonee yule unayejua hatakujibu. Na yule atakayekunyamazia kwa huruma usidhani kwamba umepona. Anakungoja. Nenda kwake mapema.

Mungu akutunze, mwanangu. Akupe mikono mitulivu na ulimi mwepesi wa kukiri, akuepushe na haya ya kipumbavu iliyonishika mimi, na awape umri mrefu wale ambao bado wanakudai samahani, ili uwakute. Amina.