Nilienda Murusagamba kuposa, nikarudi na mzabibu

Habari za humu wakuu. Hii sijatunga, na shahidi ni mshenga wangu, ingawa kwa sasa hataki hata kuniona.

Mimi ni mtu wa Dodoma, nimekulia shambani kwenye zabibu. Zabibu nazijua. Shida ilianzia hapo.

Mchumba wangu Editha tulikutana chuoni, kwao ni Murusagamba, Ngara, kule karibu na Burundi. Baba yake akasema anayemtaka binti aje nyumbani.

Nikapanda basi hadi Nyakahura, nikamkuta mshenga sokoni, mzee mmoja mchangamfu anayeheshimika na ukoo wao. Tukaendelea pamoja. Ile barabara ya kuingilia Murusagamba, mgongo uliomba poo.

Njiani mzee akanipa somo. "Wewe kazi yako ni kunyamaza. Mwishoni baba atakuuliza mwenyewe umefuata nini. Mtaje binti kwa jina, basi."

Kazi nyepesi kuliko hiyo sijawahi kupewa.

Tukapokelewa vizuri, shikamoo kwa wakubwa, sala ikasaliwa. Mama mkwe (moyoni nilishaanza kumwita hivyo) akaleta mvinyo wa nyumbani, akaonja kwanza yeye kama desturi yao, kisha akanipa.

Wakuu, nilitegemea wa ndizi. Ulikuwa wa zabibu nyeupe! Hauna sukari, una harufu ya limao kwa mbali.

Nikachungulia nje. Mzabibu umetambaa juu ya paa la jiko, vishada vidogo, punje za kijani inayoelekea njano. Dodoma sijawahi kuiona aina hiyo. Nikamnong'oneza mama, unaitwaje?

"Hauna jina. Hata bibi yake Editha aliukuta hapa hapa."

Kuanzia hapo mshenga anamwaga sera, mimi nakodolea paa.

Sera zikaisha. Wote wananitazama. Baba anauliza, "Kijana, kwa kinywa chako mwenyewe, umefuata nini hapa kwangu?"

Nikajibu, tena kwa msisitizo: "Mzee, naomba pingili za ule mzabibu."

Mshenga akashika kichwa. Jikoni sufuria ikaanguka, na nilijua ni nani aliyekuwa ameishika.

Nikajaribu kujirekebisha, baba akainua mkono. "Hapana. Hapa kijana akishatamka, ametamka. Umeomba, umepewa."

Akaenda kuzikata mwenyewe, akanifungia vizuri kwenye maganda mabichi ya mgomba. Ukarimu wa hali ya juu.

Niliumia wakuu, siwafichi. Yule binti nampenda. Na mshenga hakunisemesha mpaka Nyakahura.

Funzo: ukienda kuposa, mimea ya watu achana nayo. Sasa nishaurini, nirudi na mshenga yule yule au nitafute mwingine? Na wenye kejeli karibuni tu, nimeshazoea.

Pingili nimepanda, zimeshika. Kwa kuwa mmea haukuwa na jina, nimeuita Editha.

Editha wa shambani amechipua vizuri. Yule wa Murusagamba bado hapokei simu.