Utani Wangu Umeingia Kwenye Karatasi za Serikali

Mhariri, jina langu lifiche, maana Nachingwea nzima inanijua. Nina miaka ishirini, Mmwera wa Nkowe, na nikiwaambia hakuna ndege inayoruka hapa bila ruhusa yangu, msicheke. Mimi ndiye mpima uzito wa uwanjani. Mzungu mwenye tumbo, padri, tajiri wa korosho, wote hupanda mizani yangu wamebana pumzi, na nikisema, "Shuka, umezidi," wanashuka. Shule niliishia darasa la nne, la tano nililiona kupitia dirishani. Lakini rubani asiponiona mimi hawashi mashine.

Hapa kampuni za ndege ni mbili, yetu na ya jirani, zinagombea abiria kama kuku wanavyogombea panzi. Karani wa tiketi wa kule ni Gaudensi, Mngoni wa Songea, mtani wangu. Kwa wasiojua mambo yetu: babu zetu walipigana, sisi tumebaki kutukanana na kucheka, na mwenye kuchukia ndiye mjinga. Nikifiwa mimi, yeye ndiye wa kunichekesha msibani. Kila asubuhi ananiita, "We Mmwera, umeshapima ubongo wako leo, au mizani imekataa kusogea?" Namjibu, "Mwizi wa kuku wa babu yangu, rudisha kwanza manyoya."

Mwaka huu kampuni hizo zikataka kuungana ziwe moja. Wenye maduka wakaingiwa na hofu. Zikiwa moja, nauli atapanga mmoja, na masika barabara ya Lindi ikikatika, mgonjwa wa kupelekwa hospitali kubwa atangoja hisani ya nani? Serikali ikatuma mabwana watatu wa Kizungu kutoka Dar es Salaam wachunguze kama muungano huo uruhusiwe au ukatazwe. Wakakaa kwenye jengo la abiria, watu wakajaa mpaka nje.

Mimi niliitwa kueleza tu mizigo inavyopimwa. Nilisimama pale nimechana nywele, kaptula imepigwa pasi mpaka inakata. Bwana mkubwa akauliza, kwa kinywa cha mkalimani mgeni kutoka Tanga, kama nimesikia lolote juu ya nauli. Nikamwona Gaudensi mstari wa mbele ananitolea ulimi. Jamani, ningenyamazaje?

Nikasema, "Muulizeni huyu Mngoni! Ana barua ya siri, wameshapatana nauli ipande siku ileile watakayoungana. Ameishonea ndani ya mto wake wa kulalia, ndiyo maana kichwa chake kimevimba!"

Watu wakaangua kicheko. Gaudensi naye, kama mtani wa kweli, akapaza sauti, "Na wewe ndiye uliyenisomea, Mmwera, maana mimi sijui herufi!"

Mkalimani akatafsiri yote, langu na lake. Mabwana hawakucheka. Wakaandika.

Alasiri hiyohiyo askari wakaenda nyumbani kwake. Wakachana mto, sufi ikatapakaa uani, barua hakuna. Basi wakasema ameichoma, na kwamba mwenyewe alikiri mbele za watu. Wakamtia mahabusu. Mimi wenye maduka wakanibeba mabegani, "Kijana umetuokoa!" Nami, Mungu anisamehe, nilipunga mkono.

Sasa mabwana wameahidi kurudi, na safari hii nitaapa kwa Kurani. Nikisema barua haipo, nitafungwa mimi kwa kuidanganya Serikali. Nikisema ipo, atafungwa Gaudensi, na Mungu atakuwa ananisikia. Nimekimbilia Ruangwa kwa mjomba wangu. Nikisikia gari najitupa nyuma ya ghala la mtama, hata likiwa lori la muhogo. Jana binamu yangu mdogo aligonga mlango kwa mchezo, nikaruka dirishani nikachanika mguu. Mimi, niliyekuwa nashusha Wazungu kwenye mizani!

Mjomba kaniambia, "Mpwa wangu, kiapo si kama ile mizani yako, kwamba utaweka kidole chini upande mmoja uzidi."

Juzi alikuja Felista, mke wa Gaudensi, amepakiwa kwenye baiskeli ya kaka yake kutoka Nachingwea, mimba imeshakuwa kubwa, vumbi mpaka kwenye kope. Nilijua atanitukana. Ningependa anitukane. Alikaa mkekani, akanywa maji, akasema taratibu, "Mtani, umetuchekesha vya kutosha. Sasa nenda kamtoe mwenzio." Nikamwambia nitakwenda. Alipoondoka nilijifungia ndani.

Ndugu wasomaji, wazee kwa vijana, Wamwera kwa Wangoni, nipeni neno, hata kama ni la kunikata. Nirudi Nachingwea niseme ulikuwa utani, nifungwe? Watanisadiki? Au nivuke Ruvuma nipotee?

Ila msinijibu mkidhani utani ndio ulioniponza. Nimewazungusha. Yule mkalimani wa Tanga hakuwa mjinga. Kabla bwana hajaandika, aliniinamia akaninong'oneza, "Kijana, huo si utani wa kwenu? Sema, niwaambie wasiandike." Kalamu ilikuwa imesimama hewani. Mabwana watatu wananitazama mimi wa darasa la nne, wanangoja neno langu. Gaudensi bado anatabasamu.

Nikasema, "Si utani. Barua hiyo nimeiona kwa macho yangu."