Rafiki wa Kutumwa

Nilianza kidato cha kwanza Nanyala nikiwa nimechelewa, maana nilitokea Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ambako mama alikuwa akiuza vitenge. Nilizaliwa Tunduma, ila shule ya msingi nilisoma Zambia. Mjomba aliyenipokea alinionya kabla sijafungua begi: "Ukiulizwa kwenu wapi, jibu Tunduma, kisha nyamaza. Hapa watu wanapenda kuchimba."

Siku ya kwanza madam wa darasa alinipa kitabu, nami nikamjibu "Natotela," asante ya Kibemba. Darasa zima likacheka. Tangu hapo nikawa "Mzambia". Saa ya chakula nilibeba bakuli langu la makande nikala nyuma ya darasa, mgongo ukutani, nimwone kila anayekuja.

Madam akaanza kuniulizauliza. Umelala vizuri? Mama anakuja lini? Nilimjibu "ndiyo" na "sijui". Kisha nikamwona amesimama na mjomba kando ya barabara, wakiongea kwa sauti ya chini. Mjomba aliporudi hakuniambia kitu. Nikajua wanapanga kunirudisha.

Wiki hiyohiyo msichana mmoja wa Ihanda, ambaye hata salamu hakuwahi kunipa, akahamishia vitabu vyake kwenye dawati langu. Akanionyesha bomba la maji. Akanikatia nusu ya parachichi.

"Kula, la kwetu."

"Nimeshiba," nilisema, huku tumbo likinguruma.

Kila alipouliza jambo nilijiuliza anamuulizia nani. Jibu lilinijia nikipita karibu na dirisha la ofisi ya walimu.

"Mwenzako anaendeleaje?" Ilikuwa sauti ya madam.

"Haongei, madam. Ananiangalia kama mwizi."

Nilimsubiri getini.

"Kumbe ulitumwa?"

Hakukataa. "Nilitumwa nikuonyeshe bomba na choo. Basi."

"Na kuhamia dawati langu?"

"Hilo nilijituma. Na parachichi nalo unadhani nilitumwa? Mama alinigombeza, yalikuwa ya kuuza!"

Sikumwamini. Jioni nikamuuliza mjomba madam alitaka nini siku ile.

"Aliuliza unapenda nini, ukicheka unachekeshwa na nini," akasema. "Nikamwambia akuulize mwenyewe. Mwalimu gani anauliza mambo kama hayo? Hata mimi nilimtilia shaka."

Jumamosi yule msichana alinialika kwao kuchuma kahawa. Nilikwenda, lakini kwanza nilimweleza mke wa mjomba nyumba yenyewe ilipo, endapo nisingerudi. Mama wa yule msichana alinikabidhi kikapu. Nilisubiri aniulize kwetu ni wapi, nikiwa na Tunduma yangu mdomoni. Hakuuliza.

"Unajua kuchagua zilizoiva?"

"Sijui, mama."

"Basi wewe mfundishe mwenzako," akamwambia binti yake, akaendelea na mti wake.

Tulichuma mpaka vidole vikanata. Mchana nikala ugali wao, tonge la kwanza polepole, mengine bila kufikiri.

Jumatatu nilikubali kula naye uwanjani, mbele za watu. Hatujamaliza, wasichana wengine wawili wakaja na mabakuli yao.

"Hao nao wametumwa?" nikamnong'oneza.

"Sijui," akasema, mdomo umejaa makande. "Wapishe wakae."

Nikasogea, kidogo tu.