Ubao wa Bi Sentimita

Wavuvi walimwita Bi Sentimita, naye hakuchukia. Kwa miaka kumi na mmoja tulipokezana zamu pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki: mimi asubuhi, yeye kuanzia saa saba mchana. Kazi yenyewe ni kumlaza sangara kwenye ubao, mdomo uguse ukingo, mkia unyooke, usome namba. Asiyefika sentimita hamsini bado hajazaa hata mara moja, hatakiwi kuvuliwa. Ukikutwa na wadogo hao mara tatu, mtumbwi unachukuliwa na leseni unaisahau.

Alikuwa mkali kuliko mimi. Walimtania kwamba hakuolewa kwa sababu wachumba wote hawakufika kipimo, na yeye ndiye aliyecheka zaidi. Lakini aliona ziwa lilivyokwisha enzi za baba yake, samaki wakawa wa kutafuta kwa tochi. "Tukimaliza watoto," alisema, "mwakani tutavua maji?"

Mdogo wake wa kiume alikuwa mvuvi. Alishaandikwa kosa mara mbili, zote kwa mkono wangu, na mtumbwi wake ndio uliolisha watoto wake wanne na mama mzee aliyewazaa yeye na Bi Sentimita.

Siku hiyo alitia nanga saa nne, na samaki kumi na wanane wabichi. Kwa macho tu niliona wamefika, ingawa kwa chupuchupu. Nikamwita.

"Wamalize wengine kwanza, kaka. Mimi sina haraka."

Nilijua anamsubiri dada yake, akidhani atamlegezea. Nikacheka kimoyomoyo, nikamwacha. Alikaa saa tatu juani na samaki wake wazi kwenye mtumbwi. Samaki aliyekufa akipigwa jua husinyaa. Kila mvuvi analijua hilo, hata yeye, ila aliona kwamba kwa dada yake halina uzito.

Bi Sentimita akaingia zamu, akamlaza wa kwanza. Arobaini na tisa. Wa pili hivyo hivyo.

"Dada, nimewapima ziwani, walifika!"

"Kipimo ni cha hapa, mdogo wangu."

"Dada, ni mimi."

Akafungua daftari, akaandika kosa la tatu. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeshika koti langu, nimejaa maneno, na sikufungua mdomo. Naona aibu mpaka leo.

Mtumbwi ulichukuliwa kabla ya jua kuzama. Tangu hapo mama yao haitikii salamu ya Bi Sentimita. Mdogo wake anabeba matofali mjini, na mtoto mkubwa ameacha shule.

Wiki moja baadaye, tukipokezana zamu, aliniuliza bila kunitazama, "Ungewapima wewe asubuhi ile, wangefika?"

Ningeweza kudanganya. "Wangefika wote."

"Alikuwa ananisubiri mimi."

Alimwita mvuvi wa kwanza, akalaza samaki kwenye ubao, akainama kusoma. Machozi yalimjaa, namba hakuiona, ikabidi nimsomee.