Mawe Kumi na Tisa ya Idjwi

Baba mdogo Anaclet alimvunja baba yangu kwa nyundo, tena uani kwetu, mchana kweupe. Hadi leo nikimwona mlangoni damu inanichemka.

Baba yangu, Lucien, aliendesha boti ya mota kati ya Bukavu na Idjwi, kisiwa kilicho katikati ya ziwa. Wenzake walirudi na mananasi. Yeye, safari ya kwanza ya kila mwaka, alimwekea mama jiwe kiganjani. Mama Emérence, ambaye wengi humwita Maman Ghislaine kwa jina langu, alifoka: "Lucien, nipike mawe?" Akalitupa kwenye beseni uvunguni. Walipofikisha mawe kumi na tisa, ziwa likamchukua baba na boti yake. Hatukupata mwili wa kuzika. Mama alilikasirikia ziwa, akamkasirikia baba, akajikasirikia mwenyewe kwa kila jiwe alilolitukana. Ndipo akaamua: msalaba wa saruji makaburini, mawe yake yote yapangwe juu, tuwe na mahali pa kusimama baada ya misa ya kumkumbuka, mwaka wa tatu tangu afe.

Alijitengenezea mwenyewe mtambo wa kuyang'arisha. Alichukua mota ya mashine ya kufulia iliyokufa na fito mbili za chuma, na juu yake akalaza kidumu cha mviringo chenye mdomo mpana, ndani yake mawe, maji na mchanga mkali wa mafundi wa marumaru. Kidumu huzunguka, mawe yanasuguana. Kila wiki anaosha na kuweka mchanga laini zaidi, mwisho unga mtupu. Umeme ukikatika alizungusha kwa mkono huku akitukana. Majirani wa mtaa wetu, Kadutu, walisikia ngurumo hiyo wakaanza kunong'ona kwamba mama anaficha madini.

Anaclet, mdogo wake baba, alikuwa amerudi kutoka machimbo ya Shabunda mikono mitupu. Kule jiwe unalipasua uone tumbo lake. Jumapili ya wiki ya nne tulitoka kanisani tukamkuta amechuchumaa uani, nyundo mkononi, kidumu wazi, vipande vimezagaa miguuni pake. Viling'aa upande mmoja tu.

"Hamuna kitu ndani," alisema, utadhani sisi ndio tuliomdanganya. "Iko mawe ya bure tu, Maman Ghislaine. Nitakuletea ingine."

"Ile ndio Lucien," mama alisema. "Umepasua ndugu yako."

Anaclet aliachia nyundo. Nilitaka niiokote mimi, na nilijua pa kumpiga. Mama alinishika mkono. Hakulia. Alipiga magoti akaokota kila kipande hadi chembe, akavirudisha kwenye kidumu, akamimina mchanga mkali, ule wa wiki ya kwanza. Kisha akachomoa waya wa mota.

"Zungusha," alimwambia Anaclet.

"Courant iko, maman," Anaclet alisema, akionyesha balbu inayowaka.

"Nimesema zungusha na mukono!"

Akazungusha. Misa ikapita, msalaba ukasimama mtupu, tukarudi nyumbani tukamkuta bado anazungusha. Anakuja kila siku akitoka sokoni. Mama humpa chai. Mimi ningempa maji ya kidumu.

Juzi aliweka kikombe chini akauliza, "Maman, mupaka lini?"

Mama aliingiza mkono kidumuni, akatoa kipande, akapitisha kidole ukingoni.

"Mupaka nipapase, nisisikie tena pahali ulipiga."

Akanipa nami nipapase. Kilinikata kidole.